Kabla Hujaingia Maji ya Chumvi

Buhembe, jioni ya kuamkia safari

Mwana wange Koku,

Umekwenda Kitendaguro kumuaga bibi yako, nami namjua mama mkwe wangu: hatakuachia mpaka umekula mara mbili na akufungie senene wa kukaanga wa njiani. Kwa hiyo nina saa chache za peke yangu. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, nimechana karatasi za nyuma za daftari lako la jiografia, na baba yako yuko kibanjani anajifanya anapogoa mibuni. Mibuni hiyo aliipogoa juzi.

Sitakuandikia habari za mafuta ya mgando, wala kofia ya mpira, wala chupa ya maji ya kusuuzia mdomo. Hayo umeyapanga kwenye daftari lako wiki kwa wiki, na wewe ni mtu wa kufuata daftari. Siku ya kwanza pwani utaingia mpaka kiunoni tu, siku ya pili utaogelea kidogo maji yakiwa yamejaa, na hutajaribu kitu kipya siku ya mashindano. Najua unajua. Unaponiona nimenyamaza siku hizi mbili usidhani nakuhesabia masweta ya kufungasha.

Juu ya bahari yenyewe nina machache ya kusema, maana sijaiona. Chumvi ninayoijua ni ile tuliyoipika wenyewe kwenye beseni.

Unaikumbuka barua ya kwanza ya Daktari Lena? Alipokuwa hospitali hapa Bukoba watu walimwona anakimbia ufukweni asubuhi na mapema, wakaulizana mzungu huyu anafukuzwa na nini. Wewe ndiye uliyemfuata. Alipohamia Tanga akaandika kwamba huko kuna mashindano ya kutwa nzima: kuogelea baharini karibu kilomita nne, kisha baiskeli mpaka makalio yafe ganzi, kisha kukimbia mpaka jua lishuke, na kwamba jina lako ameshaliandikisha. Baiskeli angekuazima yake. Kukimbia, mtoto aliyepanda vilima vya Buhembe na ndoo kichwani hahitaji kufundishwa. Kwenye maji nilikuwa sina wasiwasi. Kilichobaki kilikuwa chumvi.

Nikamwendea Mzee Bakari sokoni. Unamjua asili yake, ni mtu wa Pangani, alikuja huku na jeshi wakati wa vita, akaoa, akasahau kurudi. Nikamkuta kati ya kamba na ndoano zake.

"Mzee Bakari, bahari ikoje?"

Akacheka. "Mama Koku, ziwa lenu hili linazamisha. Bahari inabeba. Ubaya wake, inakubeba inakotaka yenyewe."

"Na chumvi?"

"Chumvi itamla kwapani kama msumeno. Akiinywa atatapika, akitapika atalegea. Mzoeshe."

Ndiyo maana alikuja nyumbani na tukaweka beseni uani. Nilikuwa natia chumvi, yeye anaonja kwa kidole kama mpishi wa harusi. "Bado," anasema. Natia tena. "Bado." Mara ya tatu baba yako akatoka ndani akauliza ni mboga gani inapikwa. Wewe ukatumbukiza uso, ukafumbua macho mle ndani, ukatoka macho mekundu kama mnywa rubisi, ukapiga kelele, "Mama, unanikausha kama dagaa!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini hukuacha. Kwa wiki sita kila siku uliweka uso kwenye beseni lile ukatoa pumzi polepole huku ukihesabu, mpaka ladha ile ikawa kama ladha ya chai. Ukavaa nguo ya kuogelea iliyolowa maji ya chumvi, ukakimbia nayo mpaka kwa bibi yako na kurudi ili tuone mshono unauma wapi. Ulirudi na mstari wa damu chini ya mkono wa kushoto. Baba yako aliifumua sehemu ile akaishona upya kwa mkono wake, miwani puani.

Nakukumbusha haya ili ujue siandiki kwa hofu. Nimekuona ukifanya kazi. Nimewaona wavuvi wa hapa, watu wasiosifu mtu, wakisimamisha mitumbwi wakutazame. Utaogelea ile bahari, Koku. Utaimaliza, utatoka na chumvi kwenye kope, utapanda baiskeli.

Ninachokiogopa ni kitu kimoja tu, na nilikitengeneza mimi.

Ni siku ile ya kisiwa cha Musira. Ulikuwa unarudi kutoka kisiwani, mimi na Mzee Bakari tunakufuata kwa mtumbwi, hatua kama arobaini nyuma yako. Tulikuwa tumekubaliana: ukishikwa na lolote, inua mkono mmoja juu, nasi tutakuja. Katikati ya njia ukasimama. Nikaona kichwa kinazama, kinaibuka, kinazama tena. Mkono haukuinuka. Bakari akatia kasia kwa nguvu zote, nawe ukapiga kelele, "Msinikaribie!" Mguu ulikuwa umekaza kama ubao, wewe umekunywa maji, uso wako si uso wako, na bado unasema msinikaribie. Ulilala chali, ukaukanda mguu, ukaendelea mpaka nchi kavu. Pale mchangani nikakufokea mbele ya wavuvi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Kwa nini hukuinua mkono?"

"Ukishika mtumbwi umeshindwa, Mama."

"Daktari ameandika kwamba kushika na kupumua kunaruhusiwa, mradi usivutwe! Ulisoma mwenyewe!"

Ukafuta maji usoni. Kisha ukanitazama, wala hukuwa na hasira, ukasema, "Wewe ulimwinulia nani mkono vita ile, ukiwa na mimi mgongoni?"

Ulidhani umeniudhi. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Leo nalitoa.

Koku, mimi sikuogelea na wewe mgongoni. Siku ile sikujua kuogelea hata hatua moja.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, polepole.

Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa amekwenda na mgambo. Ndege zilipopita juu ya Bukoba, mabomu yakalia na watu wakaanza kukimbia, nilifunga sufuria, shuka moja na rozari ya mama yangu, nikakufunga mgongoni, nikaelekea Muleba pamoja na wengine. Tulitembea siku mbili. Tulipofika ziwani kulikuwa na mtumbwi unaopeleka watu visiwani, kwa sababu ilisemekana ndege hazina shida na wavuvi. Tulijaa kupita kiasi. Kila mtu aliona kwamba tumejaa na hakuna aliyetaka kuwa wa kushuka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulikuwa karibu kufika. Niliona moshi wa samaki wanaobanikwa, nikasikia hata jogoo wa kisiwani. Wimbi likatupiga ubavuni, watu wakahamia upande mmoja kwa kelele, mtumbwi ukageuka.

Nilikwenda chini na wewe mgongoni. Nilipoibuka nilishika kilichokuwa karibu, na kilikuwa shingo ya mwanamke. Alikuwa amejitupa majini kutoka nchi kavu, akaogelea kutufuata. Mimi nikamng'ang'ania yule aliyekuja kuniokoa, tukazama wote watatu. Nilikuwa namuua, Koku. Namuua na wewe nakuua. Akanipiga ngumi ya uso. Kovu hili juu ya jicho, nililokwambia ni la kuni, ndiyo ngumi hiyo.

Nilipomwachia akaifungua kanga, akakuweka begani mwake, unakohoa na kulia. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya samaki, "Lala chali. Usinishike. Inua mkono nikuone nikirudi." Akaondoka na mtoto wangu.

Nililala chali. Maji yalinifunika masikio, nikawa sisikii kitu ila moyo wangu. Niliinua mkono mmoja. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mke wa mtu, mwanamke ninayejulikana Buhembe nzima kwa kutoomba chumvi kwa jirani, na nimelala juu ya ziwa nimeinua mkono kama mtoto darasani. Akarudi. Watu wawili wa mtumbwi ule hawakuonekana tena. Mimi nilionekana kwa sababu ya mkono.

Aliitwa Nyabwire. Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Musoma, alikuja kisiwani kwa kazi ya kubanika samaki, hakuwa na mume wala mtoto. Tulikaa kwenye nyumba yake ya nyasi karibu miezi minane. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Mtu mzima nimelazwa tumbo juu ya maji, kanga imefungwa kiunoni, wavuvi wanacheka mpaka wanaangusha nyavu. "Ninyi Wahaya," aliniambia, "ziwa liko mlangoni mwenu na mnaliogopa kama mkwe." Wewe alikushika tumboni kwa kiganja kimoja, na siku moja akakitoa bila kukwambia, ukaendelea. Yale yote niliyokufundisha ufukweni hapa, kutoa pumzi ndani ya maji, kulaza sikio, kutopigana na wimbi bali kulipitia chini, yote ni ya kwake. Langu hamna hata moja. Nilikuwa nakariri.

Vita vilipokwisha baba yako alitufuata kule akatuchukua. Nikaanza biashara: nanunua samaki kwa Nyabwire, nawaleta Bukoba. Kila nilipovuka nilimpelekea ndizi na kahawa ya kutafuna, naye alikupelekea kitu, mara ushanga, mara samaki mkubwa kuliko wewe. Jina lake ulilijua. Miaka ile ya mwanzo ulilitaja kila siku.

Kisha akaanza kuugua. Siku hizo ugonjwa haukuwa na jina la hospitali midomoni mwetu. Tuliuita Juliana, kama zile nguo za magendo zilizovuka mpaka, na tukajiona tumeuelewa kwa kuupa jina. Nikasikia Nyabwire amekonda. Nikaanza kununua samaki wangu Kemondo. Kwa watu nilisema kule ni karibu zaidi. Kwa baba yako nilisema bei ni nzuri. Hakuna aliyeniuliza, ila mtu mwenye hatia hujibu hata asipoulizwa.

Kiasi cha mwaka mmoja kikapita hivyo. Mvuvi mmoja akaniletea salamu: "Nyabwire anasema, mama Koku aje." Nikaenda.

Alikuwa nje ya nyumba juu ya mkeka, kanga imemzunguka mara tatu. Nilisimama mbali naye, mbali zaidi ya heshima. Akanikaribisha chakula, nikasema nimeshiba. Akasema basi chai, nikasema nimetoka kunywa. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu mdomoni na yeye aliona. Kisha akamwita jirani, akamwambia aniletee ndizi mbivu, moja nzima, na anikabidhi mwenyewe.

"Hiyo ina ganda lake," akaniambia. "Mimi sijaigusa. Kula, umetoka mbali."

Na mimi, Koku, niliimenya nikaila. Nilikula mbele yake.

Akauliza, "Mtoto anaogelea?"

"Kama samaki."

Akacheka, kifua kikamkatalia, akasubiri kitulie. "Mlete nimwone siku moja."

Nikasema nitamleta. Nikapanda mtumbwi uleule ulionileta. Sikukupeleka. Alikufa kabla mvua za masika hazijaisha, na sikwenda kuzika.

Haikuishia hapo. Wiki chache baadaye nilikuwa kisimani na wanawake. Unajua miaka ile ilivyokuwa, na bado ndivyo ilivyo: tunazika Jumanne, tunazika Ijumaa, na nyumba ikishatajwa watu wanapita upande wa pili wa njia. Mmoja akaniuliza, kwa sauti ya kutaka wengine wasikie, "Leokadia, yule mwanamke wa kisiwani mliyekaa kwake vitani, si ndiye Juliana imemmaliza?"

Nikaona nyumba yetu inatajwa. Nikakuona wewe shuleni umekaa peke yako kwenye dawati.

"Hatukukaa kwa mtu," nikasema. "Mtumbwi ulipopinduka niliogelea mwenyewe, mtoto mgongoni. Tulikaa kibanda chetu."

Hapakuwa na jogoo wa kuwika. Walishika vinywa. "Ee waitu!" wakasema. "Huyu ni mwanamke wa shoka!" Nikabeba ndoo yangu nikapanda kilima, na nisikudanganye tena, sikujisikia vibaya. Nilijisikia mrefu.

Uongo ule ulinilisha miaka mingi. Ulizunguka kwenye jumuiya, ukafika kwa walimu wako. Jina la Nyabwire niliacha kulitaja, na mtoto husahau kile alichoacha kutajiwa. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili hivi ukaniuliza, "Mama, nani alikuwa ananibeba mabegani majini, ananuka moshi?" Nilikuwa napepeta maharage. Nikasema, "Mimi." Ukakubali. Ukaenda kucheza. Kati ya yote niliyokuibia, hilo neno moja ndilo ninalolisikia nikiwa nimelala.

Sasa unaona ni nini nilichokiona pale Musira. Mtoto wangu alikuwa anazama hatua arobaini kutoka kwenye mtumbwi kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Ulikuwa unashindana na mama asiyeinua mkono. Mimi niliinua, Koku. Niko hai kwa sababu niliinua.

Hata hapo ningeweza kunyamaza, nimezoea. Lakini wiki iliyopita Daktari Lena ameandika kwamba asubuhi ya mashindano mtu wa kipaza sauti atawatambulisha waogeleaji, na kwamba yeye ameshampa habari zako: msichana aliyebebwa mgongoni na mama yake wakavuka ziwa vitani. Uliposoma kwa sauti baba yako alitoka nje. Mimi nilibaki nimekaa. Niliona uongo wangu umekutangulia kufika pwani.

Juzi nikamwambia baba yako. Alikuwa ananoa panga. Nilianza mbali, kama ilivyo tabia yangu, naye akaniacha nizunguke mpaka nikafika.

"Mimi niliwafuata kule," akasema. "Nyabwire alinisimulia siku ileile. Hata ngumi alinionyesha alivyoipiga."

"Na miaka yote hii unanisikiliza tu?"

Akaendelea kunoa. "Nilikuwa na vita vyangu nilivyovisimulia vibaya."

Aliweka panga chini, akavuta kigoda, akachukua kisu akaanza kumenya ndizi za chakula cha jioni pamoja nami. Mama mkwe wangu angeona mwanamume anamenya ndizi angepiga yowe. Tukamenya mpaka zikaisha.

Sasa nikwambie nilichojifunza, na sitakawia.

Ukifika pwani utasema unatoka Bukoba, na utaona watu wanavuta kiti. Habari za huku zimefika kote. Wengine watakuuliza kwenu mmezika wangapi, wengine hawatakuuliza ila watakupa kikombe chako peke yako. Itakuuma, na itakujia haraka haraka tamaa ya kusema unatoka mahali pengine, Mwanza, popote. Mimi najua namna tamaa hiyo inavyokuja, inakuja na sura ya kumlinda mtoto. Ninachoweza kukwambia ni hiki: yule uliyemkana hafi mara ya pili, ila wewe unabaki unamlinda asionekane, na ni kazi isiyo na Jumapili. Nimeifanya karibu miaka kumi. Nimechoka kuliko nilivyochoka kwa kubeba samaki.

Na baharini, mkono. Usiuone kama sheria ya mashindano. Hujui chumvi itakufanyia nini kwenye kilomita ya tatu, wala mimi sijui, wala Mzee Bakari, ambaye anasema bahari hubadilika nia kama mtu. Labda haitakufanyia kitu. Nadhani haitakufanyia kitu. Mwili wako umejaa mazoezi na kichwa chako ni kizuri. Lakini likitokea, inua mkono mapema, ungali na nguvu ya kuuinua. Shika mtumbwi, pumua, hesabu kama kwenye beseni, kisha uachie uendelee. Na mtu mwingine akikushika shingo kwa hofu, unajua cha kufanya. Mpige. Atakushukuru akiwa na miaka arobaini na moja.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, fupi, ya Daktari Lena. Nimemweleza yaliyotokea na jina la aliyeogelea. Haijafungwa. Isome. Mtu wa kipaza sauti akisoma habari yoyote, asome ile. Ukiona ni afadhali asisome kitu, mwambie asisome kitu, utaingia majini bila hadithi na utaogelea vilevile. Mikono yako haikutoka kwenye uongo wangu. Nimeiona ikiota, nimeiona ikichubuka na kushupaa kwenye kasia na jembe. Ingekuwa hivyohivyo kama ningesema kweli, pengine mapema zaidi.

Huenda utanikasirikia. Kasirika. Una haki ya kukasirika kwa muda wote wa meli mpaka Mwanza na treni yote mpaka pwani, na ukitaka ubakize kidogo kwa ajili ya baiskeli. Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Nakuomba tu ukiweza, siku moja ukirudi, twende wote kule kisiwani. Yule jirani bado yupo, nimeuliza. Anajua alipozikwa.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako ili uikute melini, mimi nikiwa mbali na macho yako. Ndivyo nilivyopanga tangu asubuhi. Lakini nimeandika mpaka hapa nikaona hiyo ni njia yangu ya zamani, ya kununua samaki Kemondo. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujaketi, na utaisoma hapa jikoni nikiwa mbele yako, ili kama una la kuniuliza uniulize usoni. Baba yako amesema atakaa na sisi.

Nakusikia njiani. Unasalimiana na watu kwenye kona, na sauti yako inapanda kilima kama ya mtu asiyechoka. Naacha hapa, nafuta mikono, nafungua mlango.

Mama yako,
Leokadia,
aliyefundishwa kuogelea na Nyabwire.